Punje nyeupe na mawe meusi: uchambuzi wa kisa cha X-Press Pearl, Sri Lanka, 2021

Vitu viwili kiganjani

Mwishoni mwa Mei 2021, kwenye ufuo wa Sarakkuwa, kaskazini ya Colombo, mtu angeweza kuinama mara moja tu akaokota vitu viwili. Cha kwanza ni punje nyeupe ya mviringo, isiyozidi milimita 5, laini, inayoteleza kati ya vidole. Cha pili ni donge jeusi au la kijivu linalofanana na jiwe la pwani. Ukilibana kwa ukucha linamomonyoka, na kidole kinabaki na masizi.

Vyote viwili vilitoka kwenye meli moja iliyoungua. Kwa anayefagia ufuo, vyote ni taka. Kwa anayepima sumu, ni vichafuzi viwili visivyofanana: kimoja ni plastiki, kingine ni plastiki iliyopikwa pamoja na shehena nzima. Makosa mengi ya wiki za mwanzo yalitokana na kuvitia kwenye mfuko mmoja, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kusomwa kwa makini na yeyote anayesimamia ufuo, mto au mashamba yaliyo jirani na bandari.

Maelezo yanafuata kumbukumbu za umma. Majina ya watu, ya mawakala na ya wenye mizigo yameachwa.

Usuli: meli, mzigo na pengo la kanuni

X-Press Pearl ilikuwa meli ya makontena yenye urefu wa mita 186, imesajiliwa Singapore, mpya kabisa: ilikuwa na miezi michache tu kazini. Safari yake ya mwisho ilipita Jebel Ali, kisha Hamad nchini Qatar, kisha Hazira nchini India, kuelekea Colombo. Ilikuwa na makontena 1,486. Kati ya hayo, 81 yaliorodheshwa kuwa mzigo wa hatari, pamoja na tani 25 za tindikali ya nitriki. Kulikuwamo pia kostiki soda na methanoli.

Takriban tani 1,680 za punje za plastiki hazikuwa kwenye orodha hiyo ya hatari. Punje ndiyo malighafi ya kila kiwanda cha plastiki: huja katika mifuko ya kilo 25, humiminwa kwenye faneli ya mashine, huyeyushwa, hutoka zikiwa ndoo, kiti au bomba. Aliyewahi kuingia kiwanda cha plastiki Nairobi au Dar es Salaam amezikanyaga sakafuni na pengine zimemtelezesha. Punje moja ina uzito wa miligramu 20 hadi 25, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 25 una punje kama milioni moja. Tani 1,680 ni mifuko zaidi ya 67,000. Zidisha mwenyewe.

Kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo ya hatari baharini hazikuzihesabu punje kuwa hatari, kwa sababu hazilipuki, haziunguzi ngozi wala hazitoi mvuke wa sumu zikiwa zimetulia mfukoni. Matokeo yake ni ya vitendo kabisa. Kontena la punje linaweza kupangwa popote melini, hata juu ya sitaha karibu na tindikali, na halina alama inayomwambia mzimamoto kilichomo ndani.

Mambo yalivyofuatana

Tarehe 11 Mei iligundulika kwamba kontena moja la tindikali ya nitriki linavuja. Bandari mbili, ya Qatar na ya India, ziliombwa kulipokea kontena hilo zikakataa, kwa maelezo kwamba hazikuwa na vifaa na wataalamu wa kulishughulikia wakati ule. Meli ikaendelea na safari nalo.

Ilitia nanga nje ya Colombo, kama kilomita 18 kutoka pwani, na tarehe 20 Mei moto uliripotiwa. Nani alimwarifu nani, na saa ngapi, ni jambo lililobishaniwa kwa muda mrefu mahakamani. Kwa uchambuzi huu inatosha kujua kwamba tindikali ilikuwa imevuja kwa siku 9 kabla ya moshi kuonekana.

Tarehe 25 Mei kulitokea mlipuko. Mabaharia wote 25 waliondolewa, 2 kati yao wakiwa wamejeruhiwa. Makontena yalianza kudondoka baharini. Siku iliyofuata punje zikaanza kufika ufukweni. Moto ulizimwa mwanzoni mwa Juni kwa msaada wa meli za walinzi wa pwani wa India, na tarehe 2 Juni yakafanyika majaribio ya kuivuta meli kwenda maji ya kina. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, likagusa chini, kwenye kina cha mita 21, na kazi ikasimama. Meli ilizama moja kwa moja tarehe 17 Juni.

Pepo zilizokuwa zikivuma wakati huo ni zile zile ambazo sisi huku tunaziita kusi. Sri Lanka huzipokea kutoka kusini-magharibi, moja kwa moja kwenye ufuo wa Colombo na Negombo. Kwa hiyo punje hazikuwa na njia nyingine: upepo ulizisukuma pwani, na bahari ya msimu huo, yenye mawimbi makali, ikazifukia mchangani na kuzifukua tena, wimbi baada ya wimbi.

Maamuzi na sababu zake

*Kukataa kontena linalovuja.* Kila bandari iliangalia usalama wake. Bandari isiyo na eneo la kuzuia mvujo, maji ya kutosha ya kuzimua na watu wenye mavazi sahihi haina sababu ya kujitafutia moto gatini. Lakini kontena halikutoweka kwa kukataliwa. Tindikali ya nitriki ni kioksidishaji: ikikutana na vitu vya asili ya mimea, mafuta au baadhi ya metali hutoa joto na gesi ya rangi ya hudhurungi, na inaweza kuwasha kitu ambacho chenyewe hakina tabia ya kuwaka haraka. Kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyopata vitu vingi zaidi vya kukutana navyo.

*Kuzima kwa maji na unga wa kemikali.* Palikuwa na machaguo machache. Maji mengi hupoza, lakini pia huosha kila kilichoyeyuka na kukipeleka baharini, na huweza kuchanganya mizigo ambayo haikupaswa kukutana. Siwalaumu wazimamoto hata kidogo: meli yenye aina 81 za maswali na jibu moja tu la maji haina mkono mzuri wa kuushika.

*Kuivuta meli mbali.* Wazo lilikuwa kupunguza madhara ya pwani. Meli iliyoungua siku 12 na kujaa maji ya kuzimia ilikwisha kuwa nzito nyuma. Kilichobaki ni mabaki yaliyotulia kwenye maji mafupi, karibu na maeneo ya uvuvi.

*Kupiga marufuku uvuvi.* Serikali ilifunga uvuvi kwenye ukanda wa pwani wa takriban kilomita 80, kati ya Kalutara na Negombo, na boya za kuzuia mafuta zikawekwa kwenye mlango wa lagoni ya Negombo. Uamuzi huu ulikuwa sahihi, ila uligharimu sana watu ambao chakula cha jioni hutegemea nyavu za asubuhi. Nitaurudia chini.

*Kusafisha upesi.* Askari na wafanyakazi wa umma waliletwa ufukweni wakiwa na mavazi ya kujikinga. Wananchi wakaambiwa wasiguse chochote. Mchanga, punje nyeupe na madonge meusi viliingia kwenye mifuko kwa pamoja. Sababu inaeleweka: kamera zilikuwa pale, wimbi linalofuata lilikuwa linakuja, na punje zikifukiwa leo kesho zitatafutwa kwa mashine. Hata hivyo hapa ndipo kisa kilipoanza kuharibika.

Moto ulifanya nini kwenye plastiki

Punje nyingi zilikuwa za polithini. Plastiki hiyo ina msongamano wa takriban gramu 0.91 hadi 0.97 kwa kila sentimita ya ujazo, maji ya bahari yana 1.025, kwa hiyo punje safi huelea daima. Ndani yake mna viongezi vilivyowekwa kiwandani: vizuia-oksidi vya kuilinda wakati wa kuyeyushwa, wakati mwingine vizuia-jua. Viongezi hivi havijashikamana na plastiki kwa kifungo cha kikemia, vimekaa tu kati ya nyuzi zake kama chumvi kwenye ubuyu, na hutoka polepole. Kimoja cha vizuia-jua vinavyotumika kwenye plastiki, UV-328, kiliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti vichafuzi visivyooza upesi, na sehemu ya hoja ilikuwa kwamba husafirishwa mbali na mabaki ya plastiki yanayoelea.

Punje iliyopigwa na moto ni hadithi nyingine. Watafiti waliochukua vipande kutoka fukwe hizo na kuvilinganisha walikuta kwamba vilivyoungua kwa kuonekana vilikuwa na mchanganyiko wa kemikali tata mara 3 kuliko punje zisizoungua. Miongoni mwa ziada hiyo ni hidrokaboni zenye pete nyingi, zile ambazo maabara huziandika PAH, zinazozaliwa kila kitu chenye kaboni kinapoungua bila hewa ya kutosha. Baadhi yake husababisha saratani. Baadhi ya vipande vilibeba pia alama za mafuta ya petroli, ishara kwamba vilikutana na mafuta wakati wa ajali. Zaidi ya kemia, vipande vilikuwa na kila rangi, kila ukubwa na kila msongamano: vingine vinaelea, vingine vinazama, vingine vinaning'inia katikati.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye maana kubwa kwa mwenye reki mkononi.

Usafishaji: njia tatu na mahali zinapokwama

Njia ya kwanza ni kukwangua kwa reki na koleo juu ya mstari wa mkomo wa maji, pale maji kujaa yanapoishia na kuacha takataka. Ni ya haraka siku mbili za mwanzo, punje zinapokuwa bado zimelala juu. Tatizo ni mchanga. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga wa pwani ina uzito wa karibu kilo 30, na punje zilizomo zinaweza kuwa kiganja kimoja. Anayebeba ndoo hizo kwenda ghala la taka za hatari anahamisha ufuo, na kila kilo ya mchanga atalipia uhifadhi wake kwa miaka.

Njia ya pili ni kuchekecha. Chembe za mchanga wa pwani kwa kawaida zina upana wa milimita 0.2 hadi 0.5, kwa hiyo chekeche yenye tundu za milimita 1 hadi 2 huacha mchanga upite na kubakiza punje. Sri Lanka walianza kwa chekeche za mkono, baadaye wakatumia mashine zenye pipa la wavu linalozunguka. Mchanga lazima uwe mkavu. Ukiwa na unyevu huziba tundu na kazi hupungua nusu. Kwa punje nyeupe, pipa la wavu ni zuri. Kwa madonge yaliyoungua ni baya: yanamomonyoka. Kila mzunguko wa pipa huyasaga, na unga wake mweusi hupita wavuni na kurudi ufukweni pamoja na mchanga unaoitwa safi.

Njia ya tatu ni kuelesha. Tia mchanga wenye punje kwenye ndoo ya maji ya bahari hadi theluthi, jaza maji, koroga, subiri dakika moja, kamata vinavyoelea kwa chujio la jikoni. Ni njia rahisi na nzuri mno, na ndiyo maana ni ya hatari: humpa mtu imani kwamba kilichobaki chini ni mchanga mtupu. Punje nyeupe zitapanda zote. Donge lililofungana na majivu, mchanga au metali litabaki chini. Yaani njia inakamata kichafuzi chepesi zaidi kwa sumu na kukiacha kile kizito.

Kwa hiyo utaratibu uliofaa ni huu: kabla ya reki kugusa mchanga, watu wawili watembee mstari wa mkomo wakiwa na koleo ndogo za chuma na glavu za nitraili, waokote madonge meusi peke yake, wayaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko. Ndipo wafuate wenye reki, kisha chekeche, mwisho ndoo za kuelesha. Maji ya ndoo yapitishwe kwenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana kabla ya kumwagwa (kanga iliyokunjwa mara mbili inatosha kwa kazi ya dharura), na kitambaa hicho nacho ni taka ya hatari.

Sampuli: kilichokosekana mapema

Maabara inaweza kutofautisha PAH za moto wa meli na zile za mafuta ya boti za uvuvi, lakini inahitaji sampuli zilizochukuliwa vizuri. Mfuko wa plastiki wenye mchanganyiko wa kila kitu hausaidii. Plastiki ya mfuko wenyewe inatoa viongezi vyake, na madonge yakikaa na punje nyeupe kwa miezi huzipaka.

Utaratibu wa chini kabisa, ambao hauhitaji bajeti kubwa:

1. Chukua fremu ya chuma au mbao ya sentimita 50 kwa 50. Ilaze juu ya mstari wa mkomo, mahali palipochaguliwa kwa umbali sawa, tuseme kila mita 100, na si mahali penye punje nyingi kwa macho.
2. Chota sentimita 5 za juu kwa koleo la chuma. Hiyo ni lita 12 na nusu, inaingia kwenye ndoo moja ya chuma.
3. Chekecha kwa tundu za milimita 1, hesabu nyeupe na nyeusi kando kando, andika zote mbili.
4. Funga kila kundi kwenye foili ya alumini, kisha kwenye chupa ya kioo. Foili ikiwa haijapashwa joto au kuoshwa kwa kiyeyushi maabara, maabara iambiwe.
5. Beba chupa moja tupu, ifungue ufukweni wakati wote wa kazi, ifunge, ipeleke na nyingine. Ikirudi na PAH, jua ni moshi wa hewani au mikono yenu.
6. Hifadhi gizani kwenye baridi, ikiwezekana nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila anayeipokea atie sahihi.

Hatua ya 6 ndiyo hudharauliwa zaidi na ndiyo mawakili huianza nayo.

Jambo la pili lililokosekana lilikuwa hali ya kabla. Kesi ya fidia Sri Lanka ilitaja kasa 417, pomboo 48 na nyangumi 8 waliokutwa wamekufa. Idadi ni kubwa. Lakini msimu wa pepo hizi huleta mizoga pwani kila mwaka, na palipokosekana hesabu nzuri za miaka iliyotangulia, upande wa pili hupata mlango wa kuuliza: wangapi wangekufa bila meli? Swali hilo halijibiwi kwa hasira. Hujibiwa kwa daftari la mtu aliyetembea ufuo ule ule mara moja kwa mwezi kwa miaka mitatu.

Samaki: swali la mvuvi na jibu lisilo kamili

Mvuvi anauliza kitu kimoja: samaki wangu analiwa au haliwi? Hapa kuna mtego wa kitaalamu unaofaa kuelezwa, kwa sababu hutegwa kwenye karibu kila ajali ya mafuta au moto.

Samaki mwenye mifupa huzivunja PAH ndani ya ini na kuzitoa kwa nyongo. Ukipima mnofu wake utakuta kiasi kidogo, na kweli mnofu huo kwa mlaji ni habari njema. Lakini kipimo hicho hakisemi kama samaki alikumbwa na sumu wala kama maji yamesafika. Kwa swali hilo pima nyongo. Chaza na kome, kwa upande mwingine, hawana uwezo huo wa kuvunja, hukusanya. Ndio wanaofaa kuwa walinzi, na ndio wanaopaswa kufunguliwa mwisho marufuku inapoondolewa. Marufuku moja ya ukanda mzima inayofunguliwa siku moja kwa kila kiumbe ni nyepesi kutangaza, ila haifuati mwili wa samaki.

Upungufu mwingine ni wa soko. Marufuku ikishatangazwa, mnunuzi wa kilomita 150 mbali naye anaacha kununua. Kwa hiyo wavuvi waliokuwa nje ya ukanda uliofungwa nao waliumia. Orodha ya fidia inayofuata ramani ya marufuku peke yake huwaacha nje.

Matokeo

Umoja wa Mataifa, uliotuma wataalamu mwaka huo huo, uliitaja ajali hii kuwa mwago mkubwa kuliko wote wa plastiki uliowahi kurekodiwa. Julai 2023 mahakama ya London iliweka kikomo cha dhima ya upande wa meli kwa takriban pauni milioni 19, kikomo kinachokokotolewa kwa ukubwa wa meli na si kwa ukubwa wa uharibifu. Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka iliamuru malipo ya dola bilioni 1. Umbali kati ya tarakimu hizo mbili unatosha kuonyesha kwa nini ushahidi wa wiki ya kwanza una thamani.

Kwenye kanuni, mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mapendekezo kuhusu usafirishaji wa punje: vifungashio imara, mwenye mzigo atamke wazi kilichomo, makontena yapangwe chini ya sitaha au sehemu iliyokingwa. Ni mapendekezo tu. Mei 2025 meli nyingine ya makontena ilizama nje ya Kochi, India, na punje zikatapakaa fukwe za Kerala, mwezi ule ule na pepo zile zile.

Uchambuzi: kilichofanya kazi, kilichoshindwa

Kilichofanya kazi: kufunga uvuvi mapema, kuwavalisha wafanyakazi mavazi ya kujikinga, kuwaita wataalamu wa nje ndani ya wiki chache, kuhifadhi taka zilizokusanywa badala ya kuzichoma. Hilo la mwisho lisichukuliwe kirahisi. Kishawishi cha kuchoma rundo la plastiki ufukweni ni kikubwa, na kuchoma huko kungezalisha kichafuzi kile kile kilichokuwa kikiokotwa.

Kilichoshindwa kina mizizi miwili. Kwanza, orodha ya mzigo ilisomwa kwa macho ya kanuni: hatari ni yale makontena 81. Kama swali lingekuwa "nini kitaelea, nini kitaungua, kitakuwa nini baada ya kuungua?", punje zingekuwa juu ya orodha tangu tarehe 20 Mei, na kulikuwa na siku 6 za kuandaa chekeche, ndoo za chuma na chupa za kioo kabla ya punje ya kwanza kufika. Pili, usafishaji ulipimwa kwa idadi ya mifuko. Ukimlipa mtu au kumsifu kwa mifuko, atajaza mchanga. Kipimo kinachofaa ni punje zilizobaki kwa kila mita ya mraba, nyeupe kando na nyeusi kando, kabla na baada.

Tofauti ya pwani ya Afrika Mashariki

Kunakili utaratibu wa Colombo hadi Mombasa, Tanga au Mtwara kungeleta kosa moja kubwa. Pale Colombo bahari hupwa na kujaa kwa chini ya mita 1, hivyo punje zilijipanga kwenye utepe mwembamba. Kwetu bamvua huweza kufikia mita 3 hadi 4. Punje zitatandazwa kwenye ufuo mpana, zitaingia kwenye mizizi ya mikoko, na zile za mstari wa juu kabisa zitabaki pale hadi bamvua lijalo, wiki mbili baadaye. Hiyo ni nafasi, si balaa: anzeni mstari wa juu mara tu bamvua linapoanza kupungua, mkiteremka na maji mafu. Ndani ya mikoko reki na mashine haziingii. Huko ni mikono na chujio, na tope lisikanyagwe hovyo, kwa sababu kila nyayo huzika punje kwenye udongo usio na hewa ambamo PAH huchukua miaka kuoza.

Mwani uliokomea pwani ni suala la mashamba. Wapo wanaouchukua kuutia kwenye mboji. Baada ya ajali ya namna hii mwani wa mkomo usiondoke ufukweni mpaka uchekechwe, la sivyo punje na madonge yatakutwa kwenye matuta ya mchicha msimu ujao, na kwenye udongo mkavu hakuna wimbi la kuyafukua.

Na moto hauhitaji meli. Huko Tropodo, Indonesia, viwanda vya tofu vilitumia taka za plastiki kama kuni, na mayai ya kuku wa kienyeji yaliyopimwa mwaka 2019 yalikutwa na dioksini, sumu zitokanazo na kuungua, za kiwango cha juu mno. Kuku hudonoa udongo wenye majivu, sumu inakaa kwenye mafuta ya kiini. Jaa linalofuka moshi kandokando ya mto wenye bustani za mboga lina kemia ya aina hiyo, kwa kasi ndogo na bila kamera. Fremu ya sentimita 50, chekeche, foili na chupa zinafanya kazi vizuri hapo pia. Kilichobadilika ni kwamba badala ya chaza mtapima mayai, kuanzia kwa banda lililo upande unaopokea moshi, na jingine la kulinganisha lililo upande unaotoka upepo.